Mtoto Aliyekwisha Kupigwa Chapa

Nywele zikiungua zina harufu yake, msinibishie. Jumamosi nilikuwa Columbia Heights, huku huku ughaibuni, kwa Mama Riziki anayesuka. Mjukuu wangu Neema alikuwa amekaa sakafuni tangu asubuhi, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Mama Riziki. Nje theluji, madirisha yamebandikwa plastiki, hita inanguruma. Kusuka kulipoisha, Mama Riziki akachukua kiberiti cha gesi akaanza kupitisha moto kwenye rasta, vile vinywele vinavyotokeza vikawa vinalia chi, chi, chi. Moshi ukanifikia puani. Mimi huyo, nikasimama. Nyie wenzangu mnajua kusimama kwetu kulivyo, magoti yanaanza kuzungumza kabla ya mdomo. Lakini siku hiyo nilisimama wima kama askari, nikasema kwa nguvu, "Mtoto yuko wapi?"

Neema akageuka na ile sauti yao ya puani: "Koko, ai em raiti hia!" Yaani bibi, niko hapa hapa. Mama Riziki akashika mdomo. "Koko Mapendo, mtoto gani tena? Si huyu?"

Nikamwambia, "Endelea, mama, unguza tu." Nikakaa. Lakini sikuwa pale tena. Nilikuwa kule kwenye majani marefu, miguu peku, mdogo wangu yuko mgongoni, na moyo wangu unapiga kama mtu anatwanga.

Na tena lile swali la Mzee Deli lilikuwa bado linaniwasha. Niwaambie Mzee Deli ni nani. Kule mtaa wa Phillips, kwenye kituo chetu cha wazee, kuna siku ya kuchora. Mimi sikwenda kwa kupenda, Neema ndiye alinipeleka, eti niache kukaa na televisheni. Wakanipa brashi, wakanipa rangi, nikachora ng'ombe. Kitu kingine sijui. Mwalimu ni kale kasichana kembamba, akiona kitu anashika shavu: "Ooo mai gaaad!" Kila kitu kwake ni o mai gad, hata ukimwaga maji. Sasa ng'ombe zangu wamezitundika ukutani, watu wanakuja kuziangalia na vikombe vya kahawa mkononi, nami nakaa pembeni kama bibi arusi, kazi yangu kutikisa kichwa.

Huyo Mzee Deli ni mzungu, amekulia ranchi, huko magharibi kwenye nchi tambarare isiyo na mwisho. Yeye anachora farasi. Farasi mdogo huku chini, halafu mbingu, mbingu, mbingu, mpaka karatasi inaisha. Anaongea polepole kama mtu anavuta ng'ombe kwa kamba. Siku nilipochora watu wanapiga ndama chapa, moto, chuma, moshi, wengine wote walisema nzuri, nzuri. Yeye alisogeza uso mpaka pua ikagusa rangi, akakunja sura yote. Alisikia harufu! Nilicheka mpaka machozi. Basi akainua tumbo, akanionyesha mkanda wake, chuma kikubwa kama sahani, kimechorwa alama. Akasema, Neema akanifasiria: "Hii ndiyo chapa ya kwetu, ya babu yangu. Na yenu, Maaama, chapa yenu ilikuwa ya namna gani?"

Chapa yetu! Nikamtazama. Neema ananingoja nijibu, na jibu lilikuwa refu kuliko kiingereza chote cha mtoto huyu. Nikasema, "Mwambie sisi hatukuwa nayo." Mzee akanipigapiga bega, pole, kama nimemwambia nimefiwa.

Kumbe jibu lenyewe lilikuwa linangoja moshi wa Mama Riziki. Kalamu sikuwahi kuishika, kwa hiyo nasema tu kama ninavyosema, anayeandika aandike.

Sisi tulizaliwa ferme. Ferme ndiyo hiyo wao wanaita ranchi, shamba la ng'ombe, huko kwetu milimani Kivu. Mwenyewe alikuwa mzungu, wote tukimwita Patron. Majani ya Mzee Deli yamelala chini, unayaona mpaka macho yanachoka. Majani yetu yalisimama juu ya vilima, kilima baada ya kilima, ng'ombe wametundikwa pale juu kama nguo zimeanikwa. Asubuhi ukungu ulijaa mabondeni, ukisikia ng'ombe analia hujui yuko chini au mbinguni. Baba yangu, Sebastiani, alikuwa mchungaji. Mtu mpole, maneno yake yote kwa Patron yalikuwa mawili tu: "Ndiyo, Bwana." Hata akiambiwa kitu cha uongo, ndiyo Bwana. Mama alikuwa akimcheka: "Patron akisema weye ni kuku, utataga yai."

Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mdogo wangu, Bahati, aliyekuwa hajaanza hata kutambaa. Mtoto mzito! Maziwa ya Mama yote yaliishia kwenye mapaja yake. Nikichoka nilimlaza nyuma ya nyumba ya maziwa, pale penye kivuli na harufu ya maziwa yaliyochacha, nachukua mkaa na kuchora ukutani. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilichora ng'ombe, na kila ng'ombe nilimwekea pajani ile alama yake, kwa sababu nilidhani inaota pale pale kama pembe na mkia. Ilikuwa kama kigoda kilichopinduliwa miguu juu. Kumbe ilikuwa herufi za jina la Patron, nitajuaje? Mpaka leo herufi nazipita barabarani bila kusalimiana. Lakini hicho kigoda, nipe mkaa saa hii, nakuchorea nikiwa nimefumba macho.

Sasa siku moja jioni akapita kapita. Kapita ndiye aliyekuwa msimamizi wa wachungaji, jina lake Gaspari, mwanaume mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Alisimama katikati ya nyumba zetu, mikono kiunoni, akapaza: "Haya, sikieni! Kesho kupiga chapa! Watoto bote ba mwaka huu, bote baliozaliwa ferme, asubuhi ku zizi! Asibakie hata moja!"

Nyie mliokulia kwa ng'ombe mmeshaanza kucheka. Wachungaji wetu hawakusema ndama. Walisema watoto. Mtoto wa Kahanga, mtoto wa Mweupe, watoto wamenyonya, watoto wamelowa. Lakini miaka iliyotangulia nilikuwa mdogo, siku ya chapa Mama alinificha ndani na kuniziba masikio. Hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia tangazo kwa akili yangu. Nikamtazama Bahati. Huyu hapa, wa mwaka huu. Huyu hapa, amezaliwa ferme.

Nikaenda kwa Baba. Alikuwa anakula, na mtu anayekula viazi vya moto huwa hasikilizi sana.

"Baba, kesho ni watoto wote?"

"Bote."

"Hata wa kike?"

"Wa kike, wa kiume, chuma haiangalie."

"Wanaumia?"

"Kidogo. Wanalia, halafu mama zao wanawanyonyesha, wanasahau." Akameza kiazi. "Ukichelewa ndiyo mbaya, akikomaa anapiga mateke."

Nikasema, "Na wakubwa?"

"Wakubwa si walishapigwa zamani?" Akanyoosha mguu karibu na moto, na hapo nikaona kovu kwenye paja lake, jeusi, linang'aa. Siku zote nilikuwa naliona, hata kuulizia sijawahi. Baadaye sana ndiyo nilijua ni uji uliommwagikia utotoni. Lakini jioni ile nikasema moyoni, basi hiyo ndiyo chapa ya Baba, imezeeka tu imepoteza umbo. Na mimi je? Nikajipapasa. Nikaipata! Hapa begani. Shikeni mabega yenu, wenzangu, nyie wote mnalo lile duara la chanjo, kama mtu amekubonyeza kwa ncha ya kidole kwenye udongo. Nikakumbuka nilivyobanwa, nilivyolia, homa yake. Yote yakakaa sawa. Baba amepigwa, mimi nimepigwa, Mama bila shaka anayo mahali chini ya vitenge. Aliyebaki ni Bahati peke yake.

Mnaweza kucheka. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kukiona kile chuma kimeegemezwa ukutani, kirefu kunizidi, kichwa chake kikubwa kama uso wa mtoto. Na paja la Bahati nililijua vizuri, ndilo nililolishika kutwa. Kigoda kile kingelimaliza lote.

Asubuhi Mama akaamkia kisimani, akaniagiza: "Mapendo, Baba yako amesahau chakula. Umupelekee ku zizi. Na umubebe Bahati."

Ku zizi! Na Bahati! Nikawaza, kumbe hata Mama wamekubaliana. Ananituma mimi kwa sababu yeye hawezi kuangalia. Kumficha nimfiche wapi? Kapita amesema asibaki hata mmoja, watamtafuta, na Bahati akiwa na njaa anasikika mpaka kilima cha pili.

Ndipo akili ikanijia. Ndama aliyekwisha kupigwa hawamrudii. Nilikuwa nimewaona wachungaji, wakikuta mwenye alama wanampiga kofi la makalio, pita, nenda zako. Nikakimbia nyuma ya nyumba ya maziwa na kusaga mkaa kwa jiwe, nikauchanganya na siagi ya kumpaka mtoto, ukawa mzito, unang'aa. Nikamlaza Bahati kwenye majani. Akawa anacheka, anadhani tunacheza. Nikachora. Mstari wa chini, miguu juu, pembe zake, unene wake. Nikafanya mpaka zile kingo zilizoungua, kwa ncha ya kijiti, nukta nukta, kama ngozi imejikunja. Sijawahi kuchora kitu vizuri namna ile, hata kule Phillips na brashi zao za manyoya. Nilipomaliza na mimi mwenyewe nilishtuka, nikampulizia asiumie.

Zizini palikuwa moshi, vumbi, ndama wanalia, mama zao wanajibu kutoka ng'ambo ya ua. Ile harufu ya nywele zikiungua ikaniingia puani. Baba alikuwa amemkalia ndama shingoni, Gaspari ameshika chuma. Patron amesimama na viatu vyake virefu na kofia. Nikapita pembeni nimwekee Baba chakula chake nitoroke. Lakini kitenge kilikuwa kifupi, miguu ya Bahati inaning'inia nje huku na huku.

Tarumbeta ikalia: "Weye! Simama! Hii ni nini hii?"

Nikasimama. Sikujua sauti yangu ilitoka wapi. Nikasema, "Huyu alishapigwa. Msimrudie."

Gaspari akashika ule mguu, akauinamia. Uso wake ukageuka jivu. Alidhani ni kweli! Mwanaume yule mwenye sauti ya tarumbeta akatoa kasauti ka panya: "Yesu. Nani... nani amemuunguza mutoto?" Akaweka kidole, kikatoka cheusi. Akakitazama. Akakinusa. "Siagi!"

Mlipuko wa kicheko! Wachungaji walishika mbavu, mmoja akaanguka juu ya ndama. Patron akaja kwa hatua zake ndefu. Nitamwigiza, mnisamehe, yule mtu kiswahili alikisema kama anatafuna kwato: "Wewe toto! Nani nafanya hii?"

"Mimi, Bwana."

"Nani nafundisha wewe?"

"Ng'ombe, Bwana."

Wakacheka tena. Patron akachuchumaa, akazungusha paja la Bahati huku na kule kama anapima nyama. Akachukua muda. "Mzuri," akasema. "Mzuri kupita ya chuma." Akasimama, akawageukia watu wake, akanyoosha kidole kwa Bahati. "Basi! Huyu iko na chapa ya mimi. Huyu iko ya mimi!"

Wakacheka wote. Patron akicheka, kucheka ilikuwa kazi kama kukamua. Hata mimi nikaanza kucheka, kwa sababu hakuna aliyeinua chuma, nikaona tumepona.

Mtu mmoja hakucheka. Baba alimwachia ndama, ndama akakimbia bila chapa. Akaja, akamtoa Bahati mgongoni mwangu, akapiga magoti kando ya moto. Akachukua maji ya kunawia mikono, akaanza kumwosha paja. Haikutoka. Siagi na maji baridi, nyie mmepika, mnajua. Alama ikaenea tu, ikawa pana zaidi. Akang'oa majani, akasugua. Haikutoka. Bahati akaanza kulia. Kicheko kikawa kinapungua, mmoja mmoja, kama watu wanaondoka msibani.

Gaspari akanong'ona, "Sebastiani. Acha, utaosha ku nyumba."

Baba akasogeza mkono kwenye ukingo wa moto ule ule wa vyuma, akachota jivu jeupe la moto, nikaona vidole vyake vinashtuka. Akalichanganya na maji kiganjani, akalipuliza lipoe, akasugua kwa dole gumba, polepole, akifuata mistari yangu mmoja mmoja.

Patron akaanza: "Kapita! Moto nazimika! Chuma napoa!"

Gaspari akasema, "Sebastiani, Bwana anasema..."

"Namusikia," Baba akasema. Halafu akainua kichwa, akamtazama Patron. Nilingoja yale maneno yake mawili. Hayakuja. Alisema, "Bwana angoje kidogo. Huyu ni mutoto wangu."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anakuonyesha njia ya kisimani. Na Patron akangoja! Alisimama pale na viatu vyake virefu, na watu wote, na ng'ombe wote. Baba akaosha mpaka ngozi ya Bahati ikarudi, imekuwa nyekundu kidogo, haina kitu. Akaibusu. Akanirudishia mtoto mgongoni, akafunga kitenge mwenyewe, vibaya, kama wanaume wanavyofunga. "Nenda kwa mama yako." Nikasikia nyuma yangu, "Tuendelee, Bwana."

Mimi nilikimbia na furaha. Paja la Bahati ni zima! Nikamsimulia Mama yote kwa sauti zote, nikidhani atacheka. Mama akakaa chini. Akaniambia nirudie kile Baba alichosema. Nikarudia. "Na Patron akasema nini?" Nikasema hakusema kitu. Hapo ndipo Mama akasimama na kuanza kukusanya sufuria.

Watu walikuwa wamefukuzwa ferme ile kwa mambo madogo. Mmoja aliondoka na watoto wake kwa kucheka wakati Patron hajacheka. Baba aliporudi alikuta mzigo mlangoni, hakuuliza. Hatukupika siku ile. Mama alinieleza polepole kwamba watoto walikuwa ni ndama tu, na lile duara la begani ni dawa, nami nikaona aibu mpaka masikio. Lakini uoga ulikuwa umetoka kwangu umehamia kwao, nikauona umekaa kwenye mabega ya Baba. Tungekwenda wapi? Nyumba ilikuwa ya ferme. Hata mlango.

Asubuhi ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Kila asubuhi Gaspari aligonga chuma, akaita majina ya wachungaji, na asiyeitwa alijua hana kazi tena. Baba akaenda. Mama akasimama mlangoni, mzigo kichwani, Bahati mgongoni, mimi nimeshika kitenge chake. Hatukuona mtu, tulisikia tu. Chuma kikalia. Tarumbeta ikaanza kuita. Jina, "Niko." Jina lingine, "Niko." Mama alikuwa anapumua kama mtu anayepanda mlima. Majina yakapita, yakapita, pale jina la Baba hukaa pakapita, likaitwa la mtu anayemfuata. Mama akafumba macho.

Halafu Gaspari akakohoa huko ndani ya ukungu. "Na Sebastiani!"

"Niko!"

Mama alishusha mzigo, akaufungua, akatoa sufuria, akaiweka juu ya mafiga. Akamvuta Bahati mbele, akamgeuza kichwa chini, akalitazama lile paja, safi, nene, halina mwenyewe. Nikaona tumbo lake linaanza kutikisika. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akilitaja jina la Patron ila kwa kunong'ona, akainua kidevu, akaweka mikono kiunoni, na kwa sauti ya kutafuna kwato akasema:

"Kapita! Moto nazimika! Chuma napoa!"

Akacheka mpaka akakaa juu ya mzigo, na mimi nikacheka juu yake, na Bahati, asiyejua lolote, akatukojolea wote wawili.